Mahari Iliyopita Hewani

Walisema sitaweza kutamka neno "roja," lile la kukiri redioni kwamba ujumbe umefika. Ninyi vijana wa mawasiliano mnanikuta nimestaafu, nina diploma ya elektroniki ukutani hapa Kwa Vonza, mnafikiri nilizaliwa na kipaza sauti mkononi. Sivyo. Mjomba wangu alisema sitaweza. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema. Afisa aliyekuwa akiandikisha askari uwanjani Kitui alinipa sentensi moja niisome: "Risasi ishirini na nne zimerudi ghalani." Nikasoma kwa sauti kubwa, kifua mbele: "Lisasi ishilini na nne zimeludi ghalani." Alicheka mpaka akashika meza.

"Huyu mpelekeni jikoni," alisema. "Adui akimsikia redioni atafikiri vita vimekwisha, tunaimba."

Sikwenda jikoni. Nilisimama kwenye foleni ya mawasiliano mpaka wakachoka kunifukuza, na yule afisa, popote alipo leo, namsalimu kwa r zote alizonidai.

Kikamba hakina r. Tuna l ya kutosha kwa kila kazi, na mtu aliyekulia nyuma ya mbuzi hapa Kwa Vonza hata sikio lake halisikii tofauti. Aliyenirekebisha ni Sajini Hassan, mtu wa Garissa, mwembamba kama waya wa antena aliokuwa akitufundisha kuutupa juu ya miti. Kila asubuhi alinipa koili ya waya niizungushe na maneno ya kusema nikizungusha: barabara, birika, rubani, korongo refu. Nikikosea neno moja, nafungua koili yote naanza upya. Kufikia mwisho wa mafunzo nilikuwa na r safi kuliko watu waliozaliwa nayo, na mikono yangu ilizungusha waya haraka kuliko ya mtu yeyote kambini. Sisemi haya kujisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Hassan alikuwa na mambo mawili asiyovumilia. La kwanza ni mtu anayelaumu redio kabla ya kufuata waya. Redio ikinyamaza, alisema, shika waya kwa mkono, utembee nao mpaka mwisho, ndipo ufungue mdomo. La pili ni kuchanganya lugha hewani. "Ukitia lugha tatu kwenye ujumbe mmoja, anayesikiliza upande ule atachagua anayoipenda." Kwa hiyo yeye alitafsiri kila kitu kwenye Kiswahili chake safi, hata salamu za mama za watu. Kumbukeni hilo, kwa sababu lilitaka kuniharibia ndoa.

Diploma niliitafuta baadaye, kwa likizo zangu mwenyewe, wakati wenzangu wakijenga vyumba vya kupangisha. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Lakini mafundisho ya chuo na ya Hassan nikiyaweka pamoja, yote yalipimwa kwa wiki moja tu, ng'ambo ya mpaka, kwenye kituo ambacho askari walikiita Kisiwa.

Kisiwa hakikuwa na maji yoyote kukizunguka. Kilikuwa ukuta wa mawe, tangi lililotobolewa na risasi, na nyumba ya mfanyabiashara wa makaa aliyekimbia vita. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu, kisha mvua zikaja zikafuta hata alama tulizokuwa tumeweka. Chakula kililetwa na helikopta, ikipenda. Minara ya simu ilikuwa imelipuliwa. Kilichotuunganisha na dunia ni redio yangu, antena iliyosimama upande wa mashariki, na kebo niliyoizika ardhini kutoka kwenye antena hadi kwenye handaki langu ili vipande vya makombora visiikate. Mvua ilikuwa ikiifukua. Kila asubuhi niliifuata nimeinama, nikiirudishia udongo na kuushindilia kwa buti.

Jumatano na Ijumaa jioni, ripoti za kazi zikiisha, kamanda wetu aliruhusu salamu za nyumbani. Familia zilipiga simu kituo kikuu mpakani, Hassan, ambaye sasa alikuwa kazini pale, akapokea, akanisomea hewani, nami nikampelekea mwenyewe. Za kurudi zilipita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana nilijua nani amepata mtoto, nani mkewe amerudi kwao, na nani anatuma mapenzi ya maneno yale yale kwa nyumba mbili. Hao wa nyumba mbili ndio walionifundisha kusoma jina la anayepelekewa mara mbili kabla ya kubonyeza.

Mkifungiwa pamoja kwa muda mrefu bila pa kwenda, tamaa hukaa kwenye vitu vidogo. Pale hapakuwa na duka, kwa hivyo sukari ikawa fedha, na mwenye ufunguo wa sukari alikuwa Koplo Nzioka wa Kibwezi, Mkamba mwenzangu, mtu wa stoo. Alikupimia kwa kifuniko cha chupa, na hakutaka shilingi. Alitaka zamu yako. Kifuniko kimoja, unamlindia zamu moja ya usiku. Betri ya tochi, zamu mbili. Alikuwa amejikusanyia zamu nyingi mpaka akawa analala kama chifu, halafu anawauzia zamu hizo hizo watu wengine kwa maziwa ya unga. Na alikuwa mcheshi, hiyo ndiyo shida. Alikukamua huku unacheka.

Palikuwa pia na maneno ya sanduku. Watu walisema yule mfanyabiashara wa makaa alikimbia mikono mitupu, na kwamba pesa zake alizifukia ndani ya ukuta ule ule wetu. Hakuna aliyejua maneno hayo yalitoka wapi. Askari asiye na kazi mchana anaamini chochote, na nilimwona Nzioka mara kadhaa akigonga sakafu za ile nyumba kwa kisigino, akisikiliza.

Mimi tamaa yangu ilikuwa Ikutha. Ilikuwa na jina, Ndanu. Nilimpata nikiwa likizo, nilipoitwa kanisani kwao kutengeneza vipaza sauti vilivyokuwa vikipiga kelele kuliko mhubiri. Nilipomaliza, msichana mmoja wa kwaya akaja akaniambia, "Umetengeneza vizuri, fundi. Lakini leo tungeenda nyumbani mapema." Tangu siku hiyo sikuchukua likizo bila kupitia Ikutha.

Jumatano moja Hassan akanisomea ujumbe kutoka kwa babake Ndanu, Mzee Mwangangi. Sauti ya Hassan ilikuwa ile ya kusoma hali ya hewa. "Kwa Mutiso. Kijana mwenye malori ya mchanga amekuja mara mbili. Yeye tunamwona. Wewe tunakusikia tu. Lete ntheo Jumamosi ya wiki ijayo, usipoleta usinilaumu. Mwisho wa ujumbe." Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kamwe: "Pole, kijana."

Kwa wasio wa kwetu: ntheo ni mbuzi watatu, na mmoja wao ni beberu anayechinjwa siku hiyo, nyama ikaliwa na pande zote mbili. Mahari nyingine inaweza kungoja miaka. Ntheo haingoji. Usipoipeleka, hata mkae na mwanamke mpaka mzeeke, wazee watakuambia ulimwazima. Na si lazima uwepo mwenyewe, watu wako wanaweza kusimama. Kilicholazimika kuwepo ni mbuzi.

Mbuzi ndio sikuwa nao. Kiangazi kilikuwa kimemaliza wa kwetu. Mshahara wangu ulikuwa benki Kitui, kadi ilikuwa mfukoni mwangu, na mfuko wangu ulikuwa Kisiwa. Mama hakuwa na njia ya kununua hata kwato. Basi nikafanya kitu ambacho sijasikia askari mwingine amekifanya: nikakopa ntheo kwa redio.

Hassan alinipa wa kwanza. Alikuwa na binamu anayeleta mifugo soko la Kwa Vonza, akamwambia amkabidhi mama mbuzi jike mmoja. Wa pili alitoka kwa Musembi, mpishi wetu, mtu wa Ikutha, ambaye alimtumia mkewe maneno mawili tu: "Mpe mmoja." Beberu hakupatikana. Mwenye beberu alikuwa Nzioka peke yake, na mkewe Mwikali alikuwa naye Kibwezi, mkubwa, wa rangi ya kahawia.

"Beberu wangu ni wa mbegu," Nzioka aliniambia, ameketi juu ya magunia yake. "Yule akichinjwa nimepoteza watoto wake wote."

"Nitakulipa beberu kama yeye."

"Na watoto?"

"Watoto gani, Nzioka? Hawajazaliwa."

"Ndiyo wanaitwa hasara."

Tulikubaliana nitamlindia zamu zake zote za alfajiri mpaka tuondoke Kisiwa, na beberu arudishwe mwaka wa mvua. Ijumaa hiyo nilipitisha ujumbe wake kwa Mwikali: watu wa Mutiso wakija, wape beberu.

Jumatano iliyofuata mama alipiga simu mpakani. Najua alivyosema, kwa sababu mama hana neno lingine: alisema dauri imepatikana, mbuzi wawili wako nyumbani, wa tatu atachukuliwa Kibwezi Ijumaa usiku, na nisiropoke, yule wa malori asije akasikia. Hassan, kwa ule ugonjwa wake wa lugha safi, akayafupisha na kuyasafisha. Kipaza sauti cha handaki kilikuwa wazi na Nzioka alikuwa mlangoni akingoja salamu zake. Ikatoka hivi: "Kwa Mutiso kutoka kwa mama. Mahari imepatikana. Usimwambie mtu mpaka Jumamosi."

R ya Hassan ilikuwa kali kama wembe. Lakini ilipofika kwenye sikio la Kibwezi ikawa l. Nzioka alisikia kwamba mahali imepatikana, na kwamba nisimwambie mtu. Neno mahari hakuwahi kulitumia maishani mwake; kwao ni dauri, kama kwetu. Akakumbuka sanduku. Akakumbuka kwamba kila asubuhi huniona nimeinama upande wa mashariki, natazama huku na huku, nafukia kitu na kukikanyaga. Mimi sikujua lolote kati ya haya siku ile. Nimeyajua baadaye, lakini nawaambia sasa ili msihangaike kama nilivyohangaika.

Aliingia akafunga turubai nyuma yake.

"Mutiso, sisi ni watu wa nyumba moja. Mahali imepatikana na mimi siambiwi?"

Nje ya hewa mimi nilikuwa naupumzisha ulimi. Nilisema kama anavyosema yeye. "Mahali imepatikana, ndiyo. Shukrani kwako pia."

"Shukrani sitaki. Nataka sehemu."

"Sehemu ya mahali? Unataka mguu wa mbuzi?"

"Usinichezee na mbuzi! Nani mwingine anajua?"

"Hassan. Mama. Afande mwenyewe ndiye aliniruhusu."

"Afande!" Alishika kichwa. "Kwa hivyo mmekaa mkagawana mpaka na mama yako, mimi mwenye beberu nimewekwa kando?"

"Beberu wako utarudishiwa, tulikubaliana."

"Nioneshe mahali."

"Itaonyeshwa wazee Jumamosi."

"Wazee gani tena?"

"Nzioka, umekunywa nini?"

Akachukua karatasi yangu, akaandika ujumbe wake, akaniwekea mezani. Ilikuwa ya Mwikali. Usitoe beberu mpaka nikuambie.

Vijana, nisikilizeni hapa. Mmefundishwa kwamba kazi ngumu ni kurekebisha mitambo ikipigwa. Si kweli. Kazi ngumu ni kupitisha maneno ya mtu mwingine jinsi yalivyo. Ningeweza kusema hewa mbaya. Ningeweza kumeza neno moja tu, lile "usi," na hakuna ambaye angejua. Nzioka alikuwa amesimama hapo, hajui hata kitufe kipi ni cha kusema. Nilibonyeza, nikasoma: "Kwa Mwikali, Kibwezi. Usitoe beberu mpaka nikuambie."



"Rudia," alisema Hassan.

"Usitoe beberu."

"Mutiso, unajua unachosoma?"

"Nasoma ujumbe wa Koplo Nzioka. Umeupata?"

"Nimeupata," alisema. Hakusema roja.

Nilikuwa nimebaki na salamu za Ijumaa jioni tu. Mtu akinyimwa jibu hana pa kuweka miguu yake. Nilizunguka ule ukuta mpaka walinzi wakaniambia ninawapa kizunguzungu. Nilikula nikiwa nimesimama. Kila nilipomkaribia Nzioka aliniuliza jambo moja: "Uko tayari kunionyesha?" Nami nilijibu, "Kukuonyesha nini?" naye akaondoka akitikisa kichwa, kama mtu aliyeonewa sana. Musembi alijaribu kutupatanisha kwa chapati. Tulikula chapati.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa najaribu mitambo wakati redio ilipokufa. Haikukwaruza, haikufifia. Ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Sikuilaumu. Niliishika kebo, nikatoka nayo, nikaifuata. Nilipofika nusu ya njia nikakuta lundo la udongo mbichi na jembe likipanda na kushuka. Nzioka alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, jasho linamtiririka. Alikuwa amemwambia kamanda kwamba anachimba handaki la akiba. Miguuni pake kebo yangu ilikuwa imelala vipande viwili.

"Umekata kebo!" nilipiga kelele.

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo, mguuni!"

"Si hii nyoka yako. Mahali! Umeihamisha?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu tuliposikia mlio ule ambao ukiusikia mara moja huhitaji kufundishwa tena. Nzioka alinishika mshipi akanivuta ndani kichwa kwanza. Kombora la kwanza lilipiga tangi. La pili lilianguka palepale nilipokuwa nimesimama, au karibu yake, maana udongo ulitufunika mgongo mzima.

Tulilala tumekumbatiana kama ndugu waliogombana kitandani. Makombora yaliendelea, yakienda na kurudi ndani ya ukuta. Kati ya moja na jingine Nzioka alisogeza mdomo kwenye sikio langu.

"Mutiso, kama tunakufa, niambie tu. Sitamwambia mtu. Mahali ni wapi?"

"Mahali gani, jamani?"

"Ile Hassan alisema imepatikana."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Nililala kwenye udongo nikicheka, na si kwa furaha.

"Mahari, Nzioka! Alisema mahari! Dauri! Mbuzi za Ndanu!"

Jingine likaanguka. Likapita.

"Dauri?"

"Dauri."

"Na kwa nini asiseme dauri kama mtu?"

"Ndivyo alivyo."

Alifikiri. "Kwa hivyo sanduku hakuna."

"Hakuna sanduku."

"Na kila asubuhi ulikuwa unafukia nini hapa?"

"Kebo! Hiyo uliyokata!"

"Ai." Alilitazama jembe, akatazama kuta za shimo lililokuwa limetukinga sote wawili, na hata pale, naapa, alitafuta faida. "Lakini Mutiso, shimo ni zuri."

Yalipopungua kidogo kamanda alikuwa akiita jina langu kutoka handaki lake. Alitaka mawasiliano. Musembi alikuwa amepigwa mguuni, anavuja damu, na bila redio hakuna helikopta. Nawaeleza nilichofanya, kwa sababu mtakifanya siku moja. Nilivuta ncha mbili za kebo ndani ya shimo. Nilikwangua ganda kwa kisu, nikaukunja nyuma ule wavu wa nje, nikaufikia waya wa katikati. Wa katikati kwa wa katikati, wavu kwa wavu, na vitu hivyo viwili visigusane hata kwa unywele, vikigusana umejenga ukimya. Solda ya kulehemia haikuwepo. Nikasokota kwa koleo mpaka vidole vikafa ganzi. Nilihitaji tepu nyeusi, na mwezi ule wote Nzioka alikuwa akiniapia kwamba stoo haina. Nikanyoosha mkono tu. Akaitoa kwenye mfuko wa suruali, mpya, haijafunguliwa.

Wako mafundi wenye vyeti vikubwa kuliko diploma yangu ambao hawajaunga kebo wakiwa wamelala kifudifudi. Niliporudi kwenye redio na kubonyeza, Hassan alijibu kabla sijamaliza jina langu. Nilimpa ripoti. R zote zilikuwa mahali pake. Helikopta ilikuja kumchukua Musembi jua likiwa bado juu. Alipoteza vidole viwili vya mguu, lakini mguu ulibaki.

Kisha kamanda akaingia handakini akatazama mita ya betri. Paneli za sola zilikuwa zimepasuka.

"Salamu za nyumbani leo hakuna," alisema. "Betri ni ya dharura."

Nilisema ndiyo, afande. Ungesema nini? Nilikaa nikitazama vitufe. Ikutha walikuwa wakichota maji ya wageni wa kesho.

Nzioka alikuwa nyuma yake, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Afande, naomba sentensi moja."

"Ya nini?"

"Ya mke wangu. Ni fupi."

"Kila mtu hapa ana mke, Koplo."

"Najua, afande. Zamu zote ninazowadai watu, naziachilia. Na za alfajiri za Mutiso nazilinda mwenyewe. Waite kesho uwaambie." Alimeza mate. "Na sukari."

Kamanda alimtazama kama anayetazama mbuzi aliyesema. Alijua thamani ya kilichowekwa mezani. Kikosi kizima kilikuwa hakijalala vizuri kwa sababu ya mtu huyu.

"Sentensi moja," alisema.

Nilibonyeza. "Kwa Mwikali, Kibwezi. Toa beberu."

"Roja!" alisema Hassan, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hata bila redio.

Nilimuuliza Nzioka baadaye kwa nini. Alisema alikuwa amenivuta shimoni kwa gharama yake, na hangependa mali aliyookoa iharibike kwa huzuni. Sijapata jibu jingine mpaka leo.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja kwangu nimeshawaeleza. Betri mpya zilikuja, Jumatano ikafika. Hassan alimaliza ripoti za kazi polepole, makusudi, mbaya yule. Kisha akasoma: "Kwa Mutiso. Kutoka kwa Ndanu, Ikutha. Nyama ilikuwa ngumu. Njoo."

Nilienda. Tulirudishwa kwa mafungu, Nzioka akitangulia, mimi nikimfuata na mvua. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, Kitui yote ikawa kijani, na mbuzi wakashuka bei. Nilinunua watatu sokoni nikiwachagua mmoja mmoja, jike, jike, beberu wa kahawia, nikakodi pikapu. Ndanu alisema anakuja.

"Kufanya nini?" nilimuuliza.

"Baba ananiita bibi ya kikosi. Nataka kuwaona waume zangu wote kabla hujawalipa."

Tulianza hapa Kwa Vonza, kwa binamu ya Hassan. Alimpokea jike wa kwanza katikati ya mifugo yake, akampigia Hassan simu, na Hassan akataka kuongea na Ndanu. Wakaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Tukashuka na barabara mpaka Ikutha. Musembi alikuwa nje ya nyumba yake na fimbo, akanikemea kwa kuleta mbuzi mnene kuliko wake, kisha akampa Ndanu kuku aondoke naye. Jua lilikuwa limepinduka tulipofika Kibwezi.

Nzioka alikuwa kwenye matikiti maji yake karibu na mto, amenenepa. Alimkumbatia Ndanu, akanikumbatia mimi, akamwona beberu kwenye pikapu, uso ukabadilika.

"Rudisha. Simtaki."

"Ana kasoro?"

"Hana. Ndiyo simtaki." Alinivuta kando. "Ukinilipa leo, kesho nikipita Kwa Vonza naingia kwako kama nani?"

"Kama rafiki."

"Rafiki anapewa chai. Mtu anayekudai anachinjiwa. Acha deni likae, Mutiso. Halina haraka."

Nilianza kubishana naye, naye alikuwa hodari wa kubishana, tungekuwa hapo mpaka sasa. Ndanu hakutungoja. Alimshusha beberu mwenyewe, akamvuta moja kwa moja mpaka jikoni alikokuwa Mwikali.

"Dada, huyu ni wenu. Yule wenu nilimla mimi."

Mwikali alifungua mdomo wa beberu akatazama meno, akampapasa mbavu. "Huyu ni bora," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea shambani: "Nzioka, nyamaza! Amepokelewa."

Nikainama nikamfungua beberu shingoni. Akatikisa kichwa, akaingia kati ya mbuzi wengine bila kutuangalia. Nzioka alikuwa amefika, akihema, anatafuta la kusema.

"Na kamba? Mbona unachukua kamba?"

"Wako ulimtoa bila kamba."

Mwikali alicheka mpaka akaegemea mlango. Tulirudi kwenye pikapu, Ndanu mbele na kuku wake, mimi nyuma nikizungusha ile kamba mkononi, na mwisho wa kamba hapakuwa na mbuzi wa mtu.